Vidonge vya Boksi Vimenishinda, vya Kopo Naona Haya

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi nirudishie, siyo mtu wa kuombaga msaada mimi, hapa Manyamanyama wananijua, wakati ule sabuni ni ya foleni watu walikuwa wanakuja kuogea kwangu, na ziwani nilishavutwa na sangara mmoja kutoka Mugango mpaka nikaona taa za Ukerewe na kamba sikuachia. Sasa nina sukari, siyo ya chai, ya mwilini, daktari akaniandikia vidonge vya kila siku na mimi nanunuaga vya boksi, vimeandikwa kizungu na karatasi yake ndani, boksi naliweka mezani wageni walione. Tangu serikali itoe ruksa ya biashara maduka ya dawa yamejaa lakini bei ya boksi inapanda kila nikigeuka, nikaanza kuvikata nusu, halafu siku moja nameza, siku moja naacha. Dada yangu Dorotea wa Mugango naye ana sukari, yeye ananunua vya kopo, wanamfungia kwenye gazeti, akaniambia, "Kaka, dawa ni ile ile, njoo tununue kopo zima tugawane." Nikamjibu mbele ya mashemeji, "Mimi siyo kuku wa kumwagiwa punje." Walicheka sana, hata yeye alicheka, ila tangu hapo haji wala salamu hatumi. Wageni nao hawaji siku hizi, marehemu mke wangu ndiye alikuwa anawapikia. Jioni nafungua redio nabishana na mtangazaji. Kidole cha mguu sikisikii, juzi kaa la moto limekidondokea nikajua kwa harufu. Je, vya kopo si vya watu wa hali ya chini?

Isidori, Bunda

Mzee Isidori, pole, na tuanze na huo mguu. Kesho asubuhi upeleke hospitali, hata kama hauumi. Usiouma ndio wa kuogopa. Sema kweli kwamba unakata vidonge na kuruka siku, na usirudie. Hapo huokoi hela, unauza mguu kidogo kidogo.

Boksi nenda nalo. Chini ya lile jina kubwa kuna jina dogo. Dogo ndilo la dawa, kubwa ni la mwenye kiwanda. Mwombe daktari akuandikie kwa jina dogo, kisha nenda duka la dawa lenye mtu aliyesomea, siyo mnadani, uangalie kopo: jina, nguvu ya kidonge, na tarehe ya mwisho. Vikilingana, kazi ni moja. Unacholipia zaidi ni boksi, na wageni wa kuliona umesema mwenyewe hawaji.

Dorotea hakuwa anakushusha hadhi. Alitaka mpate bei ya jumla, na alitaka kukuona. Wewe ukamfanya kichekesho. Alicheka, angefanyaje mbele ya ndugu za mumewe?

Ukitoka hospitali panda gari la Mugango. Mwombe radhi mashemeji wakisikia, halafu mwambie, "Dada, twende tukanunue wote." Daktari akisema dawa zenu hazifanani, kila mtu anunue yake, lakini dukani nendeni pamoja. Akikuandalia chakula, kaa ule naye. Ugonjwa huu una masharti mengi ya kula. Sharti la kula peke yako halimo.