Bangili Yenye Sikio

Likoni, 4 Februari 2025

Dada Sidi,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, na huo moyo wako waendeleaje? Bangili niliyokupa ivae daima. Ukianguka itanipigia yenyewe. Nimeshauza arobaini na moja, na thelathini na tatu kati ya walionunua ni wanawake walioiona ya kwanza mkononi mwako ukiwapaka hina. Wanakuamini wewe, si mimi fundi. Wakikuuliza, sema inahesabu mapigo tu.

Nduguyo, Ngowa

Kibokoni, 23 Februari

Ndugu yangu Ngowa,

Moyo wadunda, afya njema, ila uso sina. Harusini kwa Bi Fadhiya, wanawake watupu, simu zote ziliachwa kapuni mlangoni, kama ada. Akaishika bangili: "Na hii?" Nikamwapia haioni wala haisikii. "Haya, pita na daktari wako!" akacheka.

Ndani wakanitania nicheze. Nikapiga kelele kwa mzaha, "Jamani, niokoeni!" Mara sauti yako ikatoka mkononi: "Dada, umeanguka? Nani yuko hapo?" Wanawake vichwa wazi wakarukia leso. Bi Fadhiya akasema, "Sidi, umetuingizia mwanamume."

Mbona hukunambia inasikia?

Dadako, Sidi

Likoni, 2 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole. Ilisikia sekunde kumi na moja, na haihifadhi neno. Saa za ng'ambo husikia hivyo hivyo, hakuna anayewauliza waliozitengeneza! Lakini sikio nililificha chini ya nakshi ya ua ili bangili ipendeze, na nilinyamaza nikihofia hamtainunua. Hapo nilikosa. Ishirini na sita zimerudishwa.

Nakuletea mpya: ikisikia, taa nyekundu inawaka, na ina kitufe cha kuliziba sikio. Ivae, dada. Daktari alisema usikae bila kuangaliwa.

Nduguyo, Ngowa

Kibokoni, 9 Machi

Ngowa,

Sijambo. Taa nimeiona, ni nzuri. Ungeanza nayo. Sasa nikisema imezimwa, nani ataniamini? Nakurudishia.

Sidi

Likoni, 27 Aprili

Dada yangu,

Natumai u mzima. Sina njia ya kujua. Jana nilivuka feri nikaja kwako, mlango umefungwa. Jirani yako Winnie akanambia umehamia Malindi kupaka hina, maana hapa hakuna aliyekuita tena.

Nikamwomba akuulize, bila kunitaja, kama unapumua vizuri ukipanda ngazi. Akanitazama mikono, kisha mfukoni, kama anayetafuta sikio jingine.

"Nimuulize," akasema, "lakini nisimwambie ni wewe?"

Nduguyo, Ngowa