Niru ya Mlangoni

Jumatatu, 16 Oktoba 2017

Masanduku ya sabuni ghalani kutwa. Kuinua, kupanga, kuzungushia nailoni. Mgongo. Mchana nimekula garini, maharage ya baridi, kama kawaida.

Daftari hili nililinunua mwaka jana niandikie kazi za ufundi. Kazi za ufundi hazijaja. Naandika masanduku.

Jioni mke wangu, Mama Anitha, kaniambia kanisa limepata lile jengo lililokuwa duka la matairi. Kiwanja cha mbele kitamwagwa zege, tuache kuegesha magari kwenye tope. Nikakaa vizuri kitini. Katika Warundi wote wa Fort Worth, fundi wa saruji ni nani? Nikangoja ataje jina langu. Akamtaja Goreth.

Jumapili, 22 Oktoba 2017

Kikao baada ya misa. Sirili, mwenyekiti wa kamati, alimsimamisha Goreth mbele ya watu. "Injinia wetu." Makofi.

Hajasomea uinjinia. Ana cheti cha kupima zege. Kampuni moja ya mji wa Plano imemwajiri, ikampeleka Houston wiki nzima kujifunza. Ana kofia ngumu nyeupe na gari la kampuni. Ndiyo uinjinia wenyewe.

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma hapa. Kambi ya wakimbizi Tanzania, nilipojenga zahanati, Goreth alikuwa mtu wa maji. Ndoo kichwani kutoka bombani mpaka kwenye mchanganyiko wangu. Nikisema maji, analeta. Nikiinua mkono, anasimama. Sakafu ile niliipiga niru: saruji kavu juu, maji kidogo, mwiko wa chuma, unasugua mpaka unajiona uso. Daktari alipoingia siku ya kwanza alivua viatu. Hakuna aliyemwambia avue.

Leo mtu wa maji ananiambia mbele ya kanisa zima: "Fundi, wewe utakuwa kwenye timu ya kusawazisha."

Timu.

Nina wivu. Nimeuandika nikidhani utapungua. Haukupungua.

Jumamosi, 4 Novemba 2017

Tumeshindilia ardhi. Tumepanga mbao. Goreth alitaka kila kitu kiteremke kidogo kuelekea barabarani, maji yasituame. Alipita na pimamaji yake akipima, anarudi, anapima tena. Nilitafuta kosa asubuhi nzima. Sikupata. Nikanuna.

Wakati wa kula aliwaeleza vijana habari za baridi. Kwamba zege letu litakuja na vipovu vya hewa, vidogo hata jicho halivioni. Maji yakiganda yanavimba, yanahitaji pa kuingia. Pasipokuwepo, yanapasua. Na Texas ni mbaya kuliko kwenye baridi ya kudumu, kwa sababu hapa yanaganda alfajiri, yanayeyuka mchana, kesho tena. Aliongea vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Mimi sijawahi kujenga mahali maji yanapoganda. 

Nyumbani Mama Anitha: "Goreth kawa mtu kweli." Nikaacha ugali. Anitha, binti yetu, hakutoa macho kwenye simu: "Dad, it's just a parking lot."

Jumamosi, 11 Novemba 2017

Siku ya zege. Naandika yote.

Lori lilifika saa mbili asubuhi. Kabla hatujagusa kitu, Goreth alijaza koni yake ya chuma, akainyanyua, akapima zege limekaa vipi. Halafu chungu chake chenye saa, cha kupimia hewa. Sisi watu wazima tumesimama na machepe tukingoja mwanamke asome saa. Akasema sawa.

Zege lilikuwa gumu. Mikono iliuma kulivuta. Nikamwambia dereva, Mmeksiko mwenye masharubu, atie maji kidogo. Nilionyesha kwa kidole bomba la lori. Yule bwana hakunitazama mimi. Alimtazama Goreth.

"Hapana, Fundi. Usi-add maji. Wameshalipima, ukitia maji nguvu yote inakwisha."

Aliyekuwa ananiletea maji leo ananikataza maji. Nilivuta lile zege kwa hasira tupu.

Halafu ufagio. Tumesawazisha vizuri, laini, pazuri, yeye anataka ufagio mpana uburutwe juu yake. Pabaki na mistari kote, kama uwanja uliochakurwa na kuku. Anasema gari lishike, mtu asiteleze. Anasema ukisugua sana kwa chuma unaifukuza ile hewa hapo juu. Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Saa tisa alikwenda Arlington kuazima mablanketi ya kufunikia, maana baridi ilikuwa inakuja. Kilibaki kipande cha mbele ya mlango tu, ukubwa wa chumba cha kulala. Nikawaambia wenzangu wakale, hapo nitamaliza mwenyewe.

Mwiko wangu ulikuwa kwenye buti ya gari. Umevuka bahari ndani ya sanduku, umefungwa kwenye kitenge cha mke wangu. Nikanyunyiza maji. Nikanyunyiza saruji kavu. Nikapiga magoti.

Muda ule mgongo haukuuma. Mkono ulikumbuka kila kitu. Ilianza kung'aa kutoka pembeni ikija katikati, na kwa mara ya kwanza katika nchi hii nilijua nafanya nini. Nilifurahi sana.

Goreth aliporudi nilikuwa nimekwisha kupafunika kwa nailoni. Akaweka blanketi juu. Akasema, "Asante, Fundi."

Jumapili, 19 Novemba 2017

Tumefunua. Kiwanja chote mistari, na mlangoni niru. Akina mama walisimama pale na viatu vyao vya misa wakipatazama. Nikasogea nisikie watakachosema.

Sirili akaita kwa sauti: "Tazameni, Injinia katuwekea marumaru mlangoni."

Makofi ya Goreth. Kwa niru yangu.

Goreth alisema, "Hiyo sikuiweka mimi." Wakamcheka, wakasema anajishusha. Alichuchumaa, akapitisha kiganja pale, akakaa hivyo muda. Kisha akanitazama. Nikajitia hamnazo, nikatafuta wimbo kwenye kitabu.

Sikuweza hata kuidai. Nimeibiwa na mtu ambaye hakuiba.

Jumatatu, 1 Januari 2018

Baridi ya kukata masikio. Barafu kwenye vioo vya magari. Misa ya Mwaka Mpya. Goreth alikuwa amewaambia majira haya ya kwanza wamwage mchanga, wasimwage chumvi. Sirili ni mtu wa kutia chumvi kwenye maneno, leo kaitia kwenye zege, ndoo nzima, kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Nilimwona. Nikapita.

Jumapili, 21 Januari 2018

Niru imebabuka.

Wiki nzima iliganda na kuyeyuka. Leo ngozi ya juu inatoka kwa magamba, kama kiazi kilichochemshwa. Chini yake kokoto zinachungulia. Nilikwenda na ufunguo wa gari, nikajifanya nimeangusha kitu, nikakwangua kwenye mistari ya Goreth. Chumvi ileile, baridi ileile. Haikutoka hata punje.

Nimechukua gamba moja, limo mfukoni mwa koti. Upande wa juu bado linang'aa.

Naogopa. Siku zote hizi jina langu lilikuwa salama kwa sababu hakuna aliyelijaribu.

Jumapili, 11 Februari 2018

Mama Veneranda kaanguka.

Manyunyu yaliganda yalipogusa chini. Kwenye mistari watu walitembea pole pole, wakafika. Mlangoni, palipobaki laini, mguu wake ulikwenda peke yake. Ndiye mkubwa wetu kwaya nzima, anaimba toka kabla mimi sijaoa. Nilisikia mfupa. Nesi mmoja Mkenya alipiga magoti, akafunga mkono kwa skafu yake. "Pole mum, usi-move huo mkono. Tuna-drive straight hospitali." Kifundo cha mkono kimevunjika.

Sirili, mbele ya wote: "Haya ndiyo mambo ya Injinia."

Niandike na hili. Kwa dakika moja nilifurahi. Si kwa ajili ya mama yule, Mungu shahidi. Nilifurahi jina la Goreth lilivyoanguka naye. Dakika moja ni ndefu. 

Goreth hakujitetea. Alisema, "Mimi ndiye niliyesimamia." Basi.

Jumatano, 14 Februari 2018

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa, nikatoka haraka. Goreth alikuwa kwenye gari lake la kampuni, kateremsha kioo, ana majivu kwenye paji kama mimi.

"Fundi, nilijua tangu siku ile tulipofunua."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilibeba maji yako miaka miwili. Mkono wako naujua." Akasema atakata pale mlangoni Jumamosi moja na kupamwaga upya, mwenyewe, kamati ikimruhusu. Hakuniomba kitu. Alisema nimsalimie Mama Anitha. Akapandisha kioo.

Nimeendesha mpaka nyumbani. Afadhali angenitukana. Kanizidi kazi, kanizidi gari, sasa kanizidi hata moyo. Na anafanya kama ni kitu chepesi, kama kuniletea ndoo.

Jumapili, 18 Februari 2018

Kikao. Sirili alitaka Goreth aondolewe, aletwe mtu mwingine. Alinitaja mimi. Kumbe ndivyo inavyokuja. Miezi minne nimeililia nafasi hiyo, ikaja hivyo.

Watu waligeuka kunitazama, wengine wanatabasamu. Goreth alikuwa anatazama mikono yake. Nilijua hatasema. Angekwenda nyumbani bila kusema, angeishi bila kusema, na mimi ningekuwa fundi wa kanisa.

Nikasimama. Nikasema mlangoni ni mimi. Nikasema aliponikataza maji nilitia maji, na mahali alipotaka ufagio nilipitisha chuma. Nikasema nilimwonea gere. Neno hilo nililisema kwa sauti, kanisani, mbele ya mke wangu na mtoto wangu. Nikatoa lile gamba mfukoni, nikaliweka mezani mbele ya Sirili.

Sikusimama kwa wema. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilisimama kwa sababu nisingevumilia anizidi na hilo pia.

 Sirili aligeuza gamba, akalitazama huku na huku, akakosa pa kuliweka. Kisha Mama Veneranda, mkono ndani ya plasta: "Kumbe Melki ulikuwa unaning'arishia njia ya kuangukia." Wakacheka, polepole kwanza. Mimi nikalia. Aibu tupu.

 Tulipofika nyumbani, Anitha alisema kwa Kiswahili, ambacho hanisemeshi siku hizi: "Baba, pole." Mama Anitha aliingia ndani bila kunifungulia mlango. Ana haki.

Jumamosi, 10 Machi 2018

Mlangoni tumekata zege kwa msumeno, tukavunja, tukatoa vipande kwa toroli. Watu wanne tu. Nilifika wa kwanza. Nilipomwona Goreth anateremsha koni yake nilisikia kile kitu kifuani, kipo. Kidogo. Nimekizoea.

Lori lilikuja dogo. Akapima. Tukangoja asome saa. Zege gumu, tukalivuta. Sikuonyesha bomba kwa kidole. Dereva alikuwa yuleyule mwenye masharubu. Alinitazama mimi kwanza safari hii, nadhani kwa kunidadisi. Nikatikisa kichwa.

Ufagio alinipa mimi. Mara ya kwanza niliubonyeza mno, mistari ikawa mitaro. Akanionyesha: ushike mpini karibu na mwisho, uache uzito wake ufanye kazi. Ya pili ikakaa. Mistari myembamba, imenyooka. Si mizuri. Inashika.

Mwiko haukutoka nyumbani. Mama Anitha kaufunga tena kwenye kitenge chake, kauweka juu ya kabati, bila kunisema. Jana ameanza kuniwekea maharage ya moto kwenye chupa.

Alasiri, zege liliposhika, tulitandaza magunia juu. Yanatakiwa yakae na unyevu siku saba. Wengine walikuwa wameshaondoka. Goreth alipapasa gunia la kwanza, akatazama jua, kisha akanitazama.

"Fundi. Sasa maji."

Bomba liko upande wa pili wa jengo. Nikachukua ndoo. Nikaenda, nikarudi, nikamwaga. Nikaenda tena. Alipoinua mkono, nikasimama.