Oili ya Usukani na Nguo za Koku

Nyanga,
Bukoba.
Jumamosi, 20 Julai 2024.

Mpendwa Kaka Wilbert,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Hujambo wewe, shemeji Evelyne na watoto? Na baridi ya Songea, bado mnalala na makoti? Huku mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Sehemu nyingine za mtu hazipimwi zahanati.

Utashangaa kupata barua wakati namba yako ninayo. Kwenye simu ungeanza kucheka kabla sijafika katikati, na jambo hili nataka ulipate lote. Mwalimu Privatus anasafiri huko Jumatatu, atakukabidhi mkononi.

Koku hayupo. Yuko kwao Nshamba, wiki ya tatu sasa, na binti yetu Adventina amekwenda naye. Hatukupigana, wala hakuna mwanamke mwingine kama majirani wanavyotarajia. Ni gari.

Usukani ulianza kulia tangu Pasaka. Kila nikikata kona, sauti kama ya ndama aliyefungiwa. Nikamwambia Koku litazoea. Kikopo cha oili ya usukani kilipopungua nikaongezea oili ya injini iliyobaki, kwa hoja kwamba oili ni oili. Hoja hiyo niliitunga mwenyewe. Basi siku ya harusi ya mdogo wake, kwenye mlima kabla ya kuingia Muleba, usukani ukakataa kabisa. Koku akashuka na vazi lake jipya la gomesi, zawadi kichwani, akatembea kwenye vumbi mpaka alipopata pikipiki. Alifika harusini watu wanaosha sahani.

Hakugomba. Jioni aliniuliza tu, "Gari limelia miezi mitatu ukasema litazoea. Mimi nimelia miaka mingapi?"

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Bati la jikoni. Kitasa cha choo. Ile safari ya kumpeleka shangazi yake. Nilipomaliza kuhesabu alikuwa amelala, na asubuhi akaondoka.

Tangu hapo sikai, Kaka. Nakaa kwenye kiti, nainuka. Nachukua panga niende kwenye migomba, narudi bila kukata jani. Bati nimeligonga, kitasa nimekifunga, na leo nikaamua kuumaliza usukani.

Nilinyanyua gari kwa jeki, nikalikalisha mbele kwenye vipande vya gogo, magurudumu yakawa hewani. Oili ya kikoponi niliivuta kwa bomba la kuchanjia ng'ombe. Nikachomoa mpira unaorudisha oili, nikauelekeza kwenye dumu, na kitundu chake cha kwenye kikopo nikakiziba. Kilichobaki ni mtu mmoja kuzungusha usukani huku na huku, injini ikiwa imezimwa, na mwingine kumimina oili mpya ili ya zamani isukumwe nje. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumba hii ina mtu mmoja. Lukmani jirani amekwenda Izimbya kununua mbuzi. Nikawa namimina, nakimbilia usukani, narudi, nakuta kikopo kikavu na mapovu tu.

Nikasikia mtu akikohoa upande wa kahawa. Ma Agnetha, mama mkwe wangu, na begi kubwa tupu mkononi. Begi lile nililielewa kabla hajasema neno.

Mila yetu ya ukwe unaijua. Hatushikani mikono, hatukaliani viti, na neno langu kwenda kwake hupitia kwa Adventina. Adventina hakuwepo.

"Nyumba hii ina wenyewe?" akauuliza mlango.

"Mwenyewe ana mikono michafu," nikaujibu huo mlango.

"Waliotumwa nguo za mtu wataingia?"

"Wataingia. Ila gari lingeshukuru kupata mtu wa kulizungushia usukani kwanza. Likikaa hivi linavuta hewa."

Akaweka begi chini, akakaza kitenge, akapanda. Kwenye kiti changu, Kaka. Nikainamia boneti kwa heshima.

"Gari linaomba kushoto hadi mwisho," nikasema. "Sasa linaomba kulia."

Ile mikono ya kuchuma kahawa ilizungusha bila kusita. Oili nyeusi ikaanza kumwagikia dumuni kwa pumzi.

"Kumbe kuna watu wanajua kuomba," akasema. Akakata kushoto. "Na lilipokuwa linalia, lilikuwa linamwambia nani?"

"Mimi, Ma," nikasema. Nilisahau gari, nilisahau mlango, nikamjibu yeye. "Lilikuwa linaniambia mimi. Na nilisikia."

Alikata kulia mpaka mwisho, akarudi kushoto, hivyo hivyo mpaka oili ikatoka nyekundu safi. Nikarudisha mpira, nikaongeza, akazungusha tena mapovu yakaisha. Nilipoliwasha halikulia.

Aliingia ndani akakaa muda mrefu. Nilisikia kabati likifunguliwa. Alipotoka, begi alikuwa amelikunja kwapani, tupu kama lilivyokuja.

"Mgongo wangu hauwezi mzigo ule," akaiambia migomba. "Na wazee wa Nshamba wamekaa tu. Wanangoja kuona kama mtu fulani ana kaka."

Nilitaka kumpeleka mpaka kwake, akakataa. Mwanamume ambaye mke wake yuko kwao hafiki pale hivi hivi akiwa nyuma ya usukani. Nikamfikisha stendi, yeye kiti cha nyuma. Tangu nirudi nimefungua kabati mara nne. Nguo zote zipo.

Kwa hiyo naomba, waitu, tafadhali. Likizo yako ya Agosti ianzie huku, twende Nshamba pamoja. Baba amelala kaburini, hapa kibanjani kwenye migomba, na wewe ndiye umekalia kiti chake. (Ile oili chafu iko dumuni, sikuimwaga karibu naye.) Isitoshe, siku ya posa ni wewe uliyewaapia wale wazee kwamba ninajua kutunza vitu. Nadhani una maelezo ya kutoa. Pombe ya rubisi nitaandaa mimi.

Tukifika usinitetee. Mwambie Ta Aroni, baba yake Koku, kwamba mdogo wako alisikia na hakufanya kitu. Akikuuliza kama nitabadilika, usiape tena. Mwambie aniulize mimi, na Koku awepo.

Nisalimie shemeji Evelyne na watoto wote, na mwanao Clotilda mwambie picha za ubatizo zimefika. Mungu awalinde, na akupe barabara nzuri tangu Songea mpaka hapa.

Ndimi mdogo wako nikupendaye, ninayekungoja nikiwa nimesimama,

Mwijage