Blanketi Darini mwa Gari

Jumatano

Na ikanyesha, dakika tano tu kabla ya darasa langu la mtandaoni. Wiki jana mvua ilipiga kelele juu ya hili gari langu la kulalia mpaka wazazi wawili wakawatoa watoto wao darasani.

Lakini Jumapili nilibandika blanketi zito dari yote ndani, kuzuia kelele. Mama alinitazama akasema, "Mwalimu mzima, kufundishia kwa gari, hapa Kapseret?" Nikaendelea kubandika.

Leo nikawauliza wanafunzi kama wananisikia.

"Vizuri sana, Mwalimu," Chebet akasema. "Kwani huko hakunyeshi?"

"Kunanyesha. Fungua ukurasa wa hesabu za sehemu."

Bado naogopa mtandao ukikatika, sitadanganya. Lakini nimefundisha saa nzima bila kuomba radhi hata mara moja.