Neno Nililommalizia

Mshauri, shikamoo. Naandika barua hii nikiwa kazini, mlango nimeufunga kwa ndani na nje nimebandika karatasi kwamba nipo kikaoni, na kikao chenyewe ni cha mimi peke yangu, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikasirikie, maana jambo hili naona haya hata kumweleza mume wangu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, ni mratibu wa nidhamu na elimu ya tabia katika chuo kikuu. Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi, mwanafunzi akikosa anaitwa mbele ya kamati, anafokewa, anapewa barua ya kusimamishwa, anabeba begi lake anaondoka, na yule aliyekosewa hakuna anayemuuliza kitu. Mimi ndiye niliyekuja na mpango wa vikao vya mwafaka, kwamba aliyekosa na aliyekosewa wakae pamoja kwenye viti vya duara, kila mmoja aseme, aliyekosa asikie kwa masikio yake amemfanyia nini mwenzake, kisha wakubaliane atarekebisha vipi. Nilipingwa sana, wakasema naleta mambo ya chekechea chuoni, nikapambana nao miaka miwili hadi nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, nikakipaka rangi mwenyewe. Tuna kalamu ya ubaoni iliyokauka wino, anayeishika ndiye anayeongea, wengine kimya. Mwisho wa kikao huwa nauliza, "Yameisha?" nao wanaitikia, "Yameisha!" na kwa sababu hiyo wanafunzi wakanibatiza Mama Yameisha, nami nisikufiche, jina hilo nililipenda, nikipita bwaloni wakaniita hivyo nilikuwa najiona nimefika.

Sasa mwanzoni mwa muhula huu alikuja kwangu binti wa mwaka wa pili, anasomea ualimu, na ana kigugumizi. Siku ya zoezi la kufundisha mbele ya wenzake alikwama kwenye neno moja, na wanafunzi watano wakamrekodi, wakakata kile kipande alichokwama, wakakiwekea mdundo wa muziki na kukirusha kwenye grupu la darasa, na baada ya siku mbili kila mtu anacho, binti akisimama foleni ya chakula kuna mtu nyuma yake anamwimbia. Akashtaki kwa maandishi, barua safi, imepangika kuliko hii yangu.

Nikaita kikao. Wale watano walikuwa wepesi, wakaomba radhi mmoja mmoja, wakasema video wameshaifuta, msichana mmoja akalia hata nikampa karatasi ya kufutia machozi. Kisha kalamu ikamfikia yeye. Mshauri, mpaka leo sijui nilikuwa nawaza nini, mtu amechekwa kwa sababu ya kusema kwake, nami nikamtaka aseme mbele ya walewale waliomcheka, tena kwa utaratibu nilioutunga mimi, na wala halikunijia kichwani. Akaishika kalamu kwa mikono miwili, akaanza, "Ya... ya... ya..." tukangoja, akaanza tena, "Ya..." jasho linamtoka, yule aliyekuwa akilia ameinamisha uso lakini mabega yanamcheza, nikaona aibu, nikamwonea binti huruma, na muda nao ulikuwa umekwenda, watu wa kikao kingine wanasubiri nje, basi nikamwinamia nikamsaidia, "Yameisha?"

Akanitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Nikapiga makofi, wote wakapiga makofi. Kwenye fomu ya mwafaka kuna mstari unaosema "Kauli ya aliyekosewa, kwa maneno yake mwenyewe", hapo nikaandika, "Yameisha." Akatia saini, nikatia saini, faili likafungwa.

Wiki iliyofuata akaacha kuingia darasani, mimi sikujua, au niseme ukweli, sikuuliza. Kanuni ya chuo ni kwamba anayekosa vipindi wiki sita bila sababu anafutwa, na alipotakiwa kujieleza aliandika kwamba hawezi kuingia darasani kwa sababu ya kuchekwa, kamati ikafungua faili langu, ikakuta yameisha, kwa maneno yake mwenyewe, ikasema basi sababu hana. Kikao cha mwisho cha kumfuta ni Alhamisi hii.

Juzi mama yake akaja ofisini. Ni fundi cherehani, alikuja na tepu ya kupimia shingoni kama aliyeinuka tu kwenye mashine, nikamkaribisha kiti akakataa.

"Sikuja kukaa," akasema. "Mwanangu kaniandikia hii. Ameandika kwa sababu tangu kikao chako hata nyumbani haongei."

Ilikuwa karatasi ya daftari, mistari minne, nayo naijua kwa moyo: "Nilitaka kusema yanaendelea. Waliniimbia pale mlangoni wakati tunaingia. Mwalimu akanimalizia. Niliitikia ili nitoke."

"Kwetu hakuna anayemmalizia huyu mtoto maneno," mama akaniambia. "Mdogo wake ana miaka sita na anajua kungoja. Wewe mwenzetu umesomea nini hasa?"

Nikamwambia nitalishughulikia, akaniangalia tu, akaondoka, karatasi akaniachia.

Nikapanda kwa bosi wangu, mkuu wa huduma za wanafunzi, nikamweleza yote.

"Mama, aliitikia au hakuitikia?"

"Aliitikia."

"Alitia saini au hakutia?"

"Alitia."

"Sasa unataka nini? Ukifungua hilo umefungua mafaili yote mia moja na kumi. Wageni wa vyuo vingine wanakuja mwezi ujao kujifunza mpango wako. Wako, siyo wangu. Na mkataba wako unaisha mwezi huohuo, au umesahau?"

Sikusahau. Ila si mkataba tu unaonitisha, naogopa pia kwamba nikisema fomu ina walakini wale waliopinga watacheka, mpango utakufa, turudi kule kwa barua za kusimamishwa, na wanafunzi wengine wengi wataumia kwa ajili ya mmoja. Nimefikiria njia nyingine, nina rafiki ofisi ya usajili, nimwombe anitafutie namna binti arudishwe kimyakimya mwakani, fomu isiguswe, mimi nisiaibike na yeye asipoteze masomo. Je, hiyo si njia nzuri kwa wote? Nisaidie, mshauri, chakula hakipiti, na nikiingia chumba kile naona viti vyote vinanitazama.

Mama Yameisha


Mshauri anajibu:

Marahaba. Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba, sasa ni zamu yangu kukasirika.

Naanza na pole, maana kidogo unastahili. Hukufanya kwa ubaya. Mtu akikwama mbele yetu tunamrushia neno, tunasema tunampumzisha, na kumbe tunaopumzika ni sisi. Nina kaka yangu aliyepigwa kiharusi, nilimmalizia sentensi zake miaka mitatu mizima nikijiona dada mwema, hadi siku alipoinua ule mkono wake mzima akaniziba mdomo. Niliona aibu ya mwaka. Kwa hiyo nakuelewa, na pole yangu imeishia hapo.

Katika barua yako umetaja huruma, umetaja aibu, umetaja muda uliokwenda. Jina lenyewe umelikwepa, basi ngoja nikupe. Uliandika kwenye hati ya chuo neno ambalo binti huyu hakulisema, mahali palipoandikwa kwamba ni neno lake. Huo ni uongo, mama. Siku ile hukujua. Tangu juzi unajua, na kila siku unayoliacha faili likae hivyo unautia saini upya. Tena hukukosea kidogo: mwenzio alitaka kusema yanaendelea, wewe ukaandika yameisha. Usingeweza kwenda mbali zaidi ya hapo hata ungekusudia.

Hiyo njia ya rafiki yako wa usajili, itoe kichwani leo. Arudi mwakani, kimyakimya, kwa mgongo wa mtu, huku faili lake bado linasema alipatana na watu kisha akatoroka masomo bila sababu? Na wale watano wapo, na mdundo wao upo. Unasema ni njia nzuri kwa wote. Nimeitafuta faida ya binti humo ndani nimeikosa, ya kwako nimeiona haraka sana.

Na hao wanafunzi wengi watakaoumia mpango ukifa, ni akina nani? Mimi namwona mmoja aliyekwisha kuumia, ana mama, ana karatasi ya mistari minne, na anaogopa kufungua mdomo hata mezani kwao. Acha kujificha nyuma ya watoto ambao bado hawajafika mlangoni kwako. Isitoshe, hayo mafaili mia moja na kumi yananitia wasiwasi. Ni wangapi walisema yameisha wenyewe, na ni wangapi walikuitikia kwa sababu mkubwa ameuliza na mlango umefungwa? Hilo swali lako la mwisho wa kikao lifute. Uliza, "Kimebaki nini?" kisha nyamaza.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi, andika tarehe ya kikao, halafu andika: "Aliyekosewa alitamka 'ya' mara nne. Neno 'yameisha' nililitamka mimi, naye akaitikia kwa kichwa. Kauli niliyoijaza kwenye fomu si maneno yake. Ameeleza kwa maandishi kwamba alitaka kusema 'yanaendelea'. Naomba fomu hiyo isitumike dhidi yake." Tia saini. Usiandike "huenda", usiandike "kwa bahati mbaya", na usinielezee tena habari za muda. Mpigie yule mama, mwombe ruhusa ya kuambatanisha karatasi ya mwanawe, maana aliileta uione wewe, hakuileta isomwe na kamati nzima. Akikataa, barua yako inatosha.

Barua ipeleke moja kwa moja kwa katibu wa kamati na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bosi wako mpe nakala baadaye. Ukimpitishia yeye kwanza italala kwenye droo mpaka Ijumaa. Akikuuliza tena kama aliitikia au hakuitikia, mwambie aliitikia neno langu, lake hatukulisikia. Alhamisi nenda mwenyewe, omba kusimama, usome.

Wale watano waiteni upya, kwa kosa la kuimba mlangoni baada ya kushtakiwa. Binti asikae tena kwenye hilo duara lako. Malalamiko yake ameshayaandika, tena umekiri yameandikwa vizuri. Kama ana la kuongeza aandike, au amtume mama yake, au akae kimya, na kimya chake pasiwe na mtu wa kukitafsiri.

Kuhusu mkataba sikudanganyi, unaweza kuukosa. Mpango pia unaweza kufa, na watakaoucheka watacheka hasa. Hata binti, ukishafanya yote haya, anaweza asirudi, kwa kuwa mtu akishaziba mdomo mbele ya mama yake mzazi si jambo la kufunguliwa na muhuri. Yote hayo yanaweza kukupata kwa pamoja ndani ya mwezi mmoja na sina dawa nayo. Wewe una miaka arobaini na saba, una kazi mkononi na mume nyumbani, ambaye nakushauri umweleze leo hii kabla hajasikia kwa watu. Yule hana hata cheti bado, na kazi aliyoichagua ni ya kusimama mbele ya watu na kusema.

Jambo moja nakukataza. Usiende kwao kuomba msamaha ili upate kula. Ukisimama mbele yake na machozi yako atalazimika kukuitikia tena, na safari hii utaondoka umeridhika kuliko ile ya kwanza. Akitaka kukuona atasema. Akisema, mngoje amalize.

Jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumanne, maana kikao chenu ni Alhamisi na gazeti letu linatoka Jumamosi. Wasomaji watakapokuwa wanalisoma, mambo yatakuwa yameshaamuliwa, ama kwa barua yako ama kwa ile fomu. Basi acha kuniandikia mimi. Waandikie kamati.