Kivuli Kwenye Pafu la Kulia

Jumatatu, 2 Machi

Picha za viza zimekataliwa. Masikio! Eti masikio hayaonekani sawasawa. Mpiga picha amenitazama kama mimi ndiye niliyeyaficha makusudi. Nimefumua nywele palepale studio, nikazibana nyuma kwa mpira wa kufungia noti, akapiga tena. Sasa nafanana na mtu aliyekamatwa. Basi, wanione jambazi, mradi masikio wameyapata.

Mratibu wa chuo amenikumbusha (kana kwamba nalala nikasahau!) kwamba idara yetu ya viungo bandia imepewa nafasi moja tu ya kubadilishana wanafunzi na chuo cha ng'ambo, muhula mmoja, na nafasi hiyo ina jina langu. Kule wana mashine inayosoma kisiki cha mguu kwa mwanga na kuchonga yenyewe soketi, kile kikombe kinachovalishwa kisiki. Sisi tunapaka plasta kwa mkono, tunamwomba mgonjwa asicheke, na yanayobaki tunamwachia Mungu.

Bado: fomu ya mtandaoni, cheti cha polisi, vipimo vya afya. Mahojiano ya viza tarehe 23, saa nne asubuhi.

Alhamisi, 5 Machi

Cheti cha polisi kimetoka. Vidole bado vyeusi kwa wino.

Fomu imeganda mara tatu. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, hajavua hata viatu, akajibana nyuma yangu kusoma maswali kwa sauti. Je, umewahi kushiriki ugaidi? Umewahi kuuza binadamu? Unakusudia kuipindua serikali? Mama anajibu kabla yangu. “Hapana! Mtoto wangu? Hapana! Huyu hata kuku hajawahi kumchinja!” Tumecheka mpaka akapaliwa, akaenda jikoni kunywa maji.

Mwenzangu wa chumba, wa huko huko, ameandika. Anauliza nataka kitanda cha dirishani au cha mlangoni. Anasema baridi haijaisha kwao, dirisha hawalifungui kabisa, nije na soksi nzito. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyostahili. Kuna mtu ambaye hajaniona anawaza miguu yangu isipate baridi!

Jumatatu, 9 Machi

Vipimo, kwenye kituo kilichoidhinishwa na ubalozi. Urefu, uzito, macho, damu. Kisha picha ya kifua. Vua, vaa joho hili, kidevu hapa, mabega mbele, vuta pumzi, shikilia.

Fundi wa picha alikuwa mcheshi. Baada ya picha ya kwanza akanyamaza. Akasema turudie. Nilipotoka hakuniangalia usoni.

Labda nilitikisika.

Jumanne, 10 Machi

Sikutikisika.

Wamenipigia simu asubuhi nirudi. Daktari ameibandika picha yangu kwenye ubao wa taa, akaniwekea kalamu pale: juu, pafu la kulia. Kivuli. Kidogo tu, kama mtu ameshika kioo kwa kidole chenye mafuta. Nimesema labda kweli ni kidole. Amesema naye angefurahi iwe hivyo.

Ameuliza: unakohoa? Hapana. Unatoka jasho usiku? Hapana. Umepungua? Hapana. Nyumbani kuna anayekohoa?

Nikasema hakuna. Nilijibu nilivyojua.

Sasa nitoe makohozi asubuhi tatu mfululizo, wapime kifua kikuu. Nimepewa barakoa. Nimetembea nayo mpaka kona ya nyumbani, nikaivua, nikaikunja mfukoni. Mama kauliza ilikuwaje. Nimemwambia foleni ilikuwa ndefu.

Ijumaa, 13 Machi

Kipimo cha haraka: hakuna kitu! Nilitaka kumrukia nesi nimkumbatie.

Halafu daktari akaniita ndani. Taratibu tu, anasema. Picha ikiwa na kivuli, kipimo cha haraka hakitoshi. Makohozi lazima yaoteshwe maabara. Inaweza kufika miezi miwili. Mpaka hapo hawezi kunipa cheti cha afya. Na kama kuna mtu nyumbani mwenye kikohozi aje apimwe, hata leo, dawa zipo na zinaponya.

Miezi miwili! Muhula unaanza katikati ya Aprili.

Nimekimbilia kwa mratibu. Amenisikiliza mpaka mwisho, na huruma anayo, hilo nakiri. Lakini nafasi haisogezwi. Nikikosa muhula huu inakwenda kwa aliyenifuata. Tena bila cheti cha afya nisijisumbue kwenda ubalozini, watanirudisha dirishani.

Nimeketi kwenye karakana mbele ya mguu wa plasta niliouacha juzi. Sikuugusa.

Jioni nikamwambia Mama yote. Nilitegemea atashika kichwa. Hakushika kichwa. Hakuuliza naumwa wapi. Aliuliza tu: “Nani mwingine anajua?”

Jumapili, 15 Machi

Mama Mdogo amekuja kutoka shule anakolea wasichana wa bweni. Akikaa mahali hutulii, macho yake ni ya matroni, yanahesabu vichwa.

Tukiwa mezani Mama akanyanyuka ghafla, akaingia jikoni, akafungua bomba. Maji yakavuma. Mama Mdogo akaacha kikombe. Akasikiliza. Akaniangalia. Akaenda akasimama mlangoni.

“Dada, unaosha nini?”

“Sahani.”

“Sahani iko mezani. Funga bomba, ukohoe.”

Mama akafunga. Na akakohoa. Jamani! Sijawahi kusikia kikohozi kile. Kilikuwa cha kutoka chini kabisa, kama mtu anaburuta kabati sakafuni. Na mimi naishi naye nyumba moja! Ndiyo maana maji yanavuma kila asubuhi. Ndiyo maana amehamia kulala sebuleni, eti chumbani joto. Sketi yake ya kazi ameikaza kwa pini mbili. Nimeziona leo.

Kazi ya Mama ni kufua mashuka ya hospitali, ya wodi zote. Nani wa kumwambia shuka lipi limetoka wapi?

Mama Mdogo akasema mficha maradhi kilio humfichua. Mama akajifuta mdomo, akajibu bila kupepesa:

“Kilio kisubiri ndege iruke.”

Jumatano, 18 Machi

Mama amenisubiri nimalize kula. Akawa anakunja nguo, nguo ambazo zilishakunjwa. Anasema kuna mtu anamfahamu tangu yuko hospitali, siku hizi yuko kwenye kituo kingine cha vipimo. Wanamwita Mkato. Atamsimamisha binti mwingine mbele ya mashine, mwenye kifua safi. Picha yake, jina langu. Kinachohitajika ni pasipoti tu.

Nimesema huo ni uongo, Mama.

“Uongo gani? Kipimo si kimesema huna kitu? Sisi tunawapunguzia tu safari.”

Nikamwambia kwanza yeye aende kliniki. Akatikisa kichwa. Akienda watauliza anaishi na nani. Watamwandika, wataniandika, na jina langu likishaingia huko halitoki. Nikishafika na kupata kitanda changu, atakwenda mwenyewe. Kwa kutambaa, ikibidi.

“Mimi nimefua damu ya watu wengine tangu hujazaliwa,” akasema. “Mtoto wangu hatafua.”

Sikusema ndiyo. Pasipoti niliiacha juu ya meza, nikaenda kuoga. Nilioga muda mrefu sana.

Niliporudi haikuwepo.

Ijumaa, 20 Machi

Pasipoti imerudi. Ndani yake cheti cha afya. Muhuri, sahihi, tarehe. Mapafu: safi.

Nimeiangalia picha ya kifua iliyokuja nacho kwenye mwanga wa dirisha. Mbavu nyembamba, moyo umelala vizuri. Msichana nisiyemjua amevuta pumzi akaishikilia kwa ajili yangu. Namwonea wivu. Namwogopa pia, sijui kwa nini.

Mama anaimba jikoni. Anaimba mstari mmoja, anapumzika.

Nimefungua ujumbe wa mwenzangu wa chumba nimjibu. Nimeandika: dirishani. Nimefuta. Nimeandika: je, dirisha likitaka kufunguliwa linafunguka? Nimefuta. Atadhani nina wazimu. Na kama kile kivuli si kidole? Nikamkoholea yule aliyefikiria soksi zangu?

Lakini kipimo kimesema huna kitu. Kipimo kimesema. Nalirudia hilo kama mtoto anayekariri.

Jumamosi, 21 Machi

Fundi wa mashine ya kunyooshea mashuka amemleta Mama saa sita mchana, amemshika kiwiko. Alianguka kazini. Fundi alinivuta pembeni. Anasema Mama alikohoa kwenye shuka jeupe, na shuka halikubaki jeupe.

Nimemuuliza Mama. Anasema ni jino.

Jino! Jino lipi? Fungua mdomo nione. Akageukia ukutani.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 22 Machi

Nimemwambia Mama kesho asubuhi tunakwenda kliniki ya kifua. Siendi ubalozini mpaka nimwone ameingia kwa daktari. Nilijiandaa kwa vita. Akasema haya.

Haya tu. Mama yangu! Mtu anayebishana na redio!

Mama Mdogo nimempigia aje amshike mkono mimi niende zangu. Analia kwenye simu. Mwenzake wa zamu ana msiba, mabinti hawezi kuwaacha peke yao, atafika alasiri. Alasiri mahojiano yamekwisha. Amesema, usimwache, akikwambia nenda usimwamini, mimi namjua tangu anaiba sukari.

Mama amepiga pasi gauni lake la harusini. Nimeuliza la nini. Eti kliniki ni mahali pa watu.

Jumatatu, 23 Machi

Naandika kwenye benchi la kliniki. Ni nje, chini ya paa la bati, benchi zimeachana ili upepo upite. Kila mtu na barakoa. Mkoba uko mapajani: pasipoti, barua ya mwaliko, cheti cha polisi, picha za masikio. Na kile cheti kingine. Sijui nikifika dirishani ubalozini nitakitoa au nitakiacha mkobani. Tangu asubuhi nimeamua mara nne, kila mara tofauti.

Mama kavaa gauni la harusini, linamning'inia mabegani. Kituoni alitaka tupande basi la mjini, la ubalozini. Nilimshika mkono, tukapanda la huku.

Tumefika amejiandikisha vizuri, sauti ya kistaarabu. Nesi kamuuliza anaishi na nani. Kajibu:

“Peke yangu.”

Mimi nimekaa pembeni yake! Nesi kaniangalia, kauliza, na huyu? Mama kamwambia ni jirani. Jirani mwema.

“Mimi ni mwanawe,” nimesema. “Tunaishi wote.”

Nesi kaandika. Kalamu ilikwaruza karatasi, na Mama kafumba macho kama ndiye anayekwaruzwa.

Basi wameniandika. Hilo limekwisha.

Tumekaa. Simu yangu imelia, mratibu. Amekwenda mwenyewe kunisubiri kwenye geti la ubalozi, masikini. Kabla sijafungua mdomo Mama kaipokonya, kashusha barakoa, kasema kwa sauti ya mtu mwenye afya zote duniani: “Yuko njiani, mwalimu! Nimemuaga mwenyewe! Ni foleni tu ya magari!” Akakata. Kisha kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Mzee wa benchi la pili aliinuka akampa maji.

Akipumua akaniambia, taratibu, bila hasira: “Ukiondoka sasa hivi unawahi.”

“Ukiingia sasa hivi naondoka.”

“Ondoka kwanza.”

“Nikiondoka unatoroka.”

Akatazama viatu vyake. Kwa hiyo Mama Mdogo alijua.

Nesi ameita jina lake. Mama hakusogea. Ameita tena. Mama ameinuka, amenyoosha gauni, ametembea vizuri mpaka mlangoni. Hapo amesimama, mkono kwenye fremu, akageuka. Anangoja niinuke. Simu yangu bado iko mkononi mwake.

“Nenda, mwanangu.”

“Ingia, Mama.”

Nesi anasema hana siku nzima. Foleni imeanza kunung'unika. Yule mzee wa maji anasema mmoja wenu amwonee huruma mwenzake, na kila mmoja wetu, nadhani, anaona ni yeye anayefanya hivyo. Simu inalia tena. Mama anaitazama, haipokei, hanipi.

Naandika ili miguu yangu isiinuke. Mama bado ameshika fremu. Ndani daktari amemvutia kiti, anamngoja.