Salamu Niliyoiweka Chini

Arusha, Jumatano, tarehe 9 Juni. Asubuhi manyunyu, mlima hauonekani.

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama.

Mama, najua Baba hayupo. Barua ya kaka Hamisi imenifikia jana, siku ya kumi na tisa tangu mumzike. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana, Mama yangu. Umekula? Miguu bado inavimba?

Kaka ameniandikia yote, hata linaloniuma. Kwamba kila alipowasomea barua zangu, Baba alisikiliza mistari ya mwanzo, akasema, "Hiyo si yangu," akachukua jembe akaenda mikoroshoni. Alinikataza kuja huku, nami nikaja. Tangu hapo nilikuwa nangoja marahaba yake. Kumbe shikamoo zangu hazikumfikia. Niliogopa kuanza naye, nikawa namweka mwisho, chini ya shangazi.

Uliniuliza kazi yangu. Tunafufua kompyuta kuukuu za mashule. Kompyuta ikiwashwa, programu ndogo huamka kwanza, ikatafuta kiini, yaani programu kuu ya kuendesha mashine, ikakipakia na kukikabidhi kazi. Yenyewe inaishia hapo. Zamani kila kiini kilitaka mwamshaji wake, yaani programu ndogo yake peke yake. Sasa kuna kanuni moja iliyoandikwa wazi, yeyote anaifuata bila kuomba ruhusa: kiini kibebe alama fulani, na mwamshaji yeyote anayeijua kanuni atakiamsha, naye ataacha alama yake ya kuitikia. Ni kama shikamoo na marahaba. Si lazima mjuane.

Mwezi uliopita kiini nilichokiunda kiligoma. Siku mbili nakagua. Alama ipo, haina kosa. Fundi wangu, Bwana Elirehema, akacheka.

"Wewe Mmachinga, umepiga hodi uani. Huyu mwamshaji anatazama mwanzo wa faili ya kiini tu. Asipoiona alama hapo, haendelei."

Nikaipandisha juu, mashine ikawaka. Kwenye shajara nikaandika: alama ikae juu. Sikuwaza zaidi ya hapo, na nilikuwa bado na muda wa kumwandikia Baba.

Mama, nakuomba. Hamisi akimaliza kukusomea, mwende kaburini, amsomee Baba ule mstari wa kwanza. Mmoja tu. Najua hataitikia.

Nisalimie shangazi wa Mitwero, na wifi aliyejifungua. Baba simtaji huku chini.

Ni mimi mwanao,
Somoe

Alhamisi, kabla ya kwenda posta: jana, nilipomaliza kuandika haya, usingizi ulinipata saa nane mchana; sikuwa nimelala tangu nisome barua ya kaka.